Hodi kwa Waya wa Korogwe

Nilitoka chuoni nikiamini kwamba maendeleo yanaanza kwa mazungumzo. Tulifundishwa kuwa mwananchi akielezwa vizuri ataelewa, akielewa atakubali, na akikubali hatahitaji kusukumwa na mtu. Imani hiyo niliichukua kwa uzito wote wa ujana wangu, nikaenda nayo Handeni kama bwana maendeleo, pamoja na sanduku la bati na viatu ambavyo vumbi la huko lilivibadili rangi katika wiki ya kwanza.

Kijiji nilichopangiwa kilikuwa kipya. Nyumba zilisimama kwa mistari, udongo wa kuta bado mbichi, na miti ya kivuli ilikuwa bado haijanizidi kimo. Watu walikuwa wametoka katika makazi yao ya zamani, yaliyotawanyika huko na huko kwenye vilima, wakaja kuishi pamoja. Wengine walikuja kwa hiari, wengine kwa kuchoka kuulizwa watahama lini. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba hadi nyumba nikizungumza nao, na nilijivunia kwamba katika eneo langu hapakuwa na paa lililong'olewa ili mwenyewe ahame. Mahali pengine nilikuwa nimeona jambo hilo likifanyika, na picha yake ilikataa kunitoka.

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane wa Kizigua, aliyeishi na wajukuu wake karibu na kijito ambacho kiangazi kilikipunguza lakini hakikuwahi kukikausha. Nilipokwenda kumshawishi ahame, alinisikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi. Nilipomtajia shule aliipita, zahanati aliipita, duka la ushirika akalipita. Kisha akauliza swali lake moja.

"Maji yatakuwepo?"

"Yatakuwepo, bibi," nilimjibu. "Kisima kina injini. Nimeisikia ikiunguruma kwa masikio yangu."

"Basi nimekusikia wewe," akasema. "Injini sijaisikia."

Alihama kwa neno hilo langu.

Miezi michache baadaye, kiangazi kikiwa kimekolea, injini ikakohoa asubuhi moja na kunyamaza. Fundi wa kijiji aliifungua akakuta nozeli imekufa. Nozeli ni kidude kisichozidi urefu wa kidole, ndicho kinachorushia mafuta ndani ya injini, na bila hicho chuma kile kizito chote kilikuwa mzigo tu juu ya sakafu ya saruji. Maji yalikuwa chini kabisa, kamba za kawaida hazikuyafikia. Wanawake wakaanza kwenda lambo la mbali, lile linalonywewa na ng'ombe wa wafugaji wa uwandani, na wakirudi walikuwa wamebeba ndoo za maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Bibi hakulalamika mkutanoni. Alinifuata nyumbani.

"Nitangoja mpaka siku ya gulio," alisema. "Gulio likipita pasipo maji, narudi mahame, kwangu kwa zamani, pamoja na watoto hawa. Nakuambia wewe kwa sababu ni wewe uliyeniambia."

Nilijua maana ya maneno hayo. Katibu kata alikuwa amekwisha kutangaza kwamba yeyote atakayerudi mahame atafuatwa na mgambo, na kibanda chake kitavunjwa asipate pa kurudia tena. Bibi naye alijua. Hata hivyo alisema.

Siku moja kabla ya gulio nilikuwa Handeni mjini, bomani, katika chumba cha simu. Mfukoni nilikuwa na ile nozeli mbovu, nimeifunga kwa kitambaa, na vidole vyangu havikuacha kuipapasa. Siku hizo simu ya boma ndiyo iliyotegemewa na wengi, na kila aliyetaka kuzungumza na Korogwe alikaa kwenye benchi la nje akingoja zamu yake. Ilikuwa simu ya kuzungusha mkono. Unazungusha, kengele inalia Korogwe, opereta wa huko anachomeka waya wako kwenye tundu la yule unayemtaka. Kupata nafasi hiyo kungeweza kukumalizia asubuhi nzima. Ukiipoteza unarudi mwisho wa benchi.

Chumba kilikuwa chini ya karani mzee, mtu wa kofia ya kiua na suruali iliyopigwa pasi kila siku ya Mungu. Alikuwa ameitumikia simu ile tangu bendera nyingine ikipepea juu ya boma, na aliitendea kama mgeni wa heshima. Hakuna aliyezungusha mkono wake bila ruhusa. Kwenye benchi, nyuma yangu, alikaa mzee mmoja mfugaji, Mmaasai aliyetaka kibali cha kupitisha ng'ombe wake. Fimbo yake ilikuwa katikati ya magoti, na subira yake ilinitia aibu, kwa sababu mimi nilikuwa sina.

Asubuhi ile tulipata karakana ya maji ya Korogwe mapema kuliko nilivyothubutu kutumaini. Aliyepokea alikuwa mtunza stoo, mzee kwa sauti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

Nikamweleza habari ya kijiji, ya injini, ya nozeli. Aliguna kila nilipofika mwisho wa sentensi.

"Zipo za aina mbili," alisema. "Naenda stoo kuangalia iliyobaki ni ipi. Usikate. Nikirudi utanisomea namba zilizochongwa ubavuni mwa hiyo yako. Zikilingana nampa dereva, anakuja kwenu kwanza. Zisipolingana, gari linakwenda Mombo na Mkumbara na mabomba yao. Linaondoka saa sita. Umenielewa? Usikate."

"Sikati, mzee."

Nilisikia mkonga wa simu ukiwekwa juu ya meza, halafu viatu vikiondoka. Niliifungua ile nozeli, nikaisugua kwa kitambaa mpaka namba zikaonekana. Nikaziweka tayari mdomoni.

Kisha pakawa kimya.

Mwanzoni kimya kile kilikuwa na mtu ndani yake. Akilini nilimwona mzee akitafuta kwenye rafu, akiinama, akitikisa kichwa. Nilimpa muda. Nje jua lilipanda kutoka kizingiti hadi kwenye dirisha. Mkono ulianza kuniuma, nikauhamishia mkonga sikio la pili. Nilihesabu misumari ya mlangoni. Nilizisoma zile namba kimyakimya mpaka zikapoteza maana, nikaanza kuogopa kwamba nitakapoulizwa nitazikosea.

"Bado?" aliuliza karani bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti lake la juzi.

"Bado, mzee. Au pengine simu imekufa?"

"Puliza."

Nikapuliza. Sauti ya pumzi yangu ilirudi sikioni mwangu, nzito na ya karibu.

"Umesikia? Simu iliyokufa haisikiki hata pumzi. Hiyo ni nzima. Mkubwa amekuambia ungoje, basi ngoja."

Nilingoja. Baadaye niliambiwa kwamba simu za namna ile zina betri zake ndani, na kwamba mtu anaweza kujisikia mwenyewe vizuri kabisa hata kama upande wa pili hapana kitu chochote. Siku ile sikujua. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nasikia kitu, na kila shaka iliponishika nilipuliza tena, nikajisikia tena, nikatulia kwa muda mfupi kuliko mara iliyotangulia.

Mzee mfugaji alijikohoza.

"Karani," alisema, "mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Huyu kijana anazungumza na nani? Nasikia mdomo mmoja."

"Anangoja jibu la mkubwa."

"Huyo mkubwa yu hai?"

"Usimwombee mtu mabaya, mzee. Yuko stoo."

"Stoo yake iko Tanga?"

Karani alikunja gazeti kwa uangalifu, akaliweka. Mimi nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Karakana ile nilikuwa nimewahi kuiona wakati wa mafunzo ya vitendo. Stoo ilikuwa nyuma ya uwanja, baada ya malori yasiyo na magurudumu. Mtu angeweza kwenda, akatafuta rafu zote, akaswali, akanywa chai na kurudi, na bado asingekawia namna ile. Jua sasa lilikuwa limehama dirishani, liko juu ya paa. Nilimwona dereva nisiyemjua akitupia macho saa yake. Nilimwona bibi akifunga virago.

"Mzee," nilimwambia karani, "naomba nizungushe mkono mara moja tu. Kama yupo atasikia."

Alinitazama kana kwamba nimeomba ruhusa ya kumpiga mtu kofi.

"Ukizungusha naye ameweka sikio, itamlia kama debe. Mtu mzima, amekuitikia marahaba, ameacha kazi zake kukutafutia kitu chako, halafu umpigie debe sikioni? Huko chuoni ndivyo mlivyofundishwa?"

"Basi nikate, niite upya."

"Umkatie simu mkubwa? Na akirudi akute hupo?"

Hapo ndipo nilipokwama, na nadhani yeyote aliyelelewa kwetu angekwama. Mdogo hakati maneno ya mkubwa, wala hamgeuzii mgongo aliyemwambia asubiri. Kimya cha mkubwa si ruhusa ya kuondoka. Na kimya kile hakikuwa na alama: mtu anayechelewa na mtu asiyekuwepo walisikika sawasawa kabisa. Nikitulia nilihisi nampoteza bibi. Nikitaka kukata nilihisi nampoteza mzee wa stoo, na pamoja naye nozeli, na zamu yangu kwenye benchi. Nilisimama. Nikakaa. Waya wa simu ulikuwa mfupi, ukinivuta kila nilipotaka kuzunguka chumba, hata nikawa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Nje mtu alibisha ofisi ya jirani. Nilimsikia akisema hodi, akatulia, akasema tena. Nikamgeukia karani.

"Mzee, ukienda nyumbani kwa mtu ukapiga hodi, usijibiwe, unafanyaje?"

"Unarudia."

"Na ukirudia usijibiwe?"

"Unarudia mara ya tatu."

"Na ya tatu?"

"Unaondoka. Hata dini imetufundisha hivyo. Hukasiriki, na mwenye nyumba hujamkosea kitu." Niliona maneno yake mwenyewe yakimfikia polepole. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akainuka.

"Lete," alisema.

Alisimama wima, akaiweka sawa kofia yake, akashika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Hodi," aliiambia Korogwe, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni pa mwenzake.

Tukangoja. Mzee mfugaji alikuwa amesogea hadi kizingitini.

"Hodi hapo."

Nzi alipita. Karani alikunja uso, akasikiliza kwa bidii iliyonifanya nimpende.

"Hodi, jamani."

Hakuna. Aliuondoa mkonga wa simu sikioni, akautazama kidogo, akautundika mahali pake.

"Wamehama," alisema mzee mfugaji.

Karani aliuzungusha mkono mwenyewe. Korogwe haikuitika. Akazungusha tena, na safari hii zikatoka kelele nilizozisikia kutoka pale nilipokuwa: kengele juu ya kengele, watu wakiita kwa pamoja, na katikati yake sauti ya mwanamke, opereta, aliyekuwa karibu kupoteza sauti.

"Kila mtu aweke chini. Lushoto, weka chini. Mombo, nimekusikia, weka chini. Mkizungusha wote kwa mara moja siwasikii na hamnisikii. Handeni, weka chini, nitawaita mmoja mmoja."

Karani akaweka chini. Sasa hatukuwa tumeshika chochote, na wasiwasi wangu ukawa mkubwa kuliko wa kungoja kwa kwanza.

"Haya," alisema karani, akijifuta jasho. "Tumebaki mikono mitupu."

"Mlikuwa mikono mitupu tangu asubuhi," mzee mfugaji alimjibu. "Tofauti ni kwamba sasa mnajua."

Karani alimtazama kwa ukali, kisha akatoa kibati chake cha ugoro, akamkaribisha. Walinusa pamoja. Mimi nilitoka, nikarudi, nikatoka. Nilijizuia kuushika ule mkono, kwa sababu nilikuwa nimesikia alivyokuwa akihangaika yule dada, na nilifahamu kwamba kila mmoja wa wale waliokuwa wakizungusha aliamini haja yake ndiyo kubwa kuliko zote, kama nilivyoamini mimi.

Kengele ililia yenyewe, karani akanipa mkonga.

"Handeni, sema."

"Dada, tulikuwa tunazungumza na karakana ya maji. Tumeshikilia simu asubuhi yote."

"Mlikuwa mnazungumza na nani?"

"Mtunza stoo. Alituambia tungoje."

"Kaka, mitambo ilizimika asubuhi. Ilipowashwa nikachomoa nyaya zote nikaanza upya, kwa sababu sikujua nani bado yupo na nani ameondoka. Kwangu hapa hapakuwa na mtu wa Handeni aliyekuwa akizungumza na mtu yeyote."

"Mbona hamkutujulisha?"

"Ningewajulisha kwa njia ipi?" aliuliza, kwa uchovu, bila ubaya. Njia ya kutujulisha ilikuwa ndiyo hiyo iliyokatika.

Alituunganisha. Simu ilipopokelewa sikungoja salamu. Namba zilikuwa mdomoni mwangu tangu asubuhi, zikatoka zenyewe.

"Namba za nini hizo?" iliuliza sauti ya mzee. "Nani wewe?"

Nilishtuka. Kwangu mimi mazungumzo yalikuwa yanaendelea; nilikuwa nimeyashika mkononi saa zote zile. Kwake yalikuwa yamekwisha, na watu wengine wangapi sijui walikuwa wamepita sikioni mwake. Nikarudi mwanzo.

"Shikamoo mzee. Naita kutoka Handeni. Ni yule wa nozeli ya kisima."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenikatia simu?"

"Hatukukata, mzee. Sisi tulikuwa tunakungoja wewe."

"Nimerudi na kitu mkononi, naita haloo, haloo, kimya. Nikasema vijana wa siku hizi, hata kungoja hawawezi."

Sikumweleza yote. Nilimuuliza kwanza ile aliyoitoa rafuni aliipeleka wapi, kwa maana niliogopa kwamba huenda tayari iko safarini kuja kwetu, nami nikaagiza nyingine ambayo kijiji kingine kingeikosa. Alisema aliirudisha. Nikamsomea namba. Akazirudia moja moja. Zililingana.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Lakini gari limetoka sasa hivi. Vumbi lake bado liko getini."

Opereta, ambaye bila shaka hakupaswa kutusikiliza, aliingia kati akasema madereva wa karakana husimama Mombo kula. Angejaribu kuita huko. Alijaribu. Wauza chakula wa kituoni walimjibu kwamba lori lenye mabomba lilipita bila kusimama. Dereva angelala Mkumbara, angerudi Korogwe kesho yake jioni, na angetoka kuja kwetu asubuhi ya siku ya pili. Gulio lilikuwa kesho.

Nilipoweka simu, karani aliniwekea mkono begani.

"Nenda ukamwambie huyo bibi yako," alisema. "Hiyo nozeli itakuja hata usipoilinda."

Niliondoka kwa baiskeli jua likiwa kali. Nilipofika uwandani, mbali na nyumba zote, tairi ya nyuma ilipasuka, na kiraka nilichokuwa nacho hakikushika. Nikaisukuma. Mzee mfugaji, aliyepata kibali chake kwa maneno machache baada yetu, alinikuta njiani kwa miguu, akapunguza mwendo wake ili nisiachwe. Jua lilipozama nililala kwenye boma lake, nikapewa maziwa. Usingizi ulikuja kwa vipande, na kila nilipoamka nilikuwa nikisoma namba.

Nilifika kijijini gulio likiwa linavunjika. Watu walikuwa wakifunga mikungu ya ndizi iliyobaki. Nyumba ya bibi ilikuwa imefagiwa, mlango umefungwa kwa kamba, na mafiga yamegeuzwa. Majirani walisema aliulizia habari zangu asubuhi, akauliza tena mchana, na hakuna aliyekuwa na habari. Ndipo akaondoka.

Katibu kata alikuwa hapo gulioni. Alinivuta pembeni.

"Nasikia yule bibi yako amerudi mahame."

"Amekwenda kwake, ndugu katibu. Nitazungumza naye."

"Umezungumza sana. Keshokutwa mgambo wanapita huko. Sitaki kusikia kwamba katika kijiji chako sheria ni ya hiari."

Sikulala kijijini usiku ule kwa utulivu zaidi ya nilivyolala kwa mfugaji. Kulipopambazuka nilipanda kilima kwa miguu. Mahame yake yalikuwa yameanza kuota majani, lakini uwanja mbele ya kibanda ulikuwa umekwisha kufagiliwa, na moshi ulikuwa ukitoka. Nilisimama nje ya uwanja.

"Hodi."

Hakujibu. Nilimsikia akikoroga chungu.

"Hodi, bibi."

Kijiti kikaendelea. Nilijua kwamba nikiita mara ya tatu, naye asiitike, nitalazimika kuondoka, na baada yangu watakuja wale wasiopiga hodi. Niliichelewesha ya tatu kadiri nilivyoweza.

"Hodi hapa."

"Karibu," alisema.

Nilikaa kwenye kigoda. Sikuwa na nguvu ya kutafuta maneno mapya, nikaanza pale tulipoachia. "Bibi, kama nilivyokuambia, maji yatakuwepo. Nozeli imepatikana, gari linakuja..."

"Uliniambia nikiwa wapi?"

"Hapa hapa, bibi."

"Neno hilo nililibeba nikaenda nalo kule. Likafia kule. Usinisemeshe kama vile bado ninalo." Alipakua uji, akanipa bakuli. "Anza upya."

Nikaanza upya, kwa shikamoo, kwa habari za wajukuu, kwa habari za safari. Nikamweleza simu, na jinsi tulivyoshikilia waya usio na mtu. Alicheka kidogo alipomsikia karani akipiga hodi kwa Korogwe.

"Kumbe huyo mzee ana akili," alisema. Kisha akawa mkali tena. "Mimi sirudi kwa maneno. Injini nitaisikia. Na nikiisikia sitahama siku hiyo. Nitakuja na ndoo. Nitauliza kama yapo. Nikijibiwa nitachota, nitarudi hapa. Kesho yake nitauliza tena."

"Na mgambo, bibi? Wanapita kesho."

"Hilo si langu. Ni lako."

Lori lilifika siku hiyo hiyo mchana, dereva mweupe kwa vumbi kama aliyetoka mashineni kusaga. Mzee wa stoo alikuwa ameifunga nozeli kwenye karatasi, na nje ameandika kwa mkono mzito: *Usikate.* Fundi aliifunga. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa, ikashika. Sauti yake ilipanda bondeni. Nilitazama njia ya kilimani mpaka macho yakaniuma. Siku ile hakuja mtu.

Usiku niliiacha injini iungurume kupita muda wake, na fundi akanilaumu kwa mafuta.

Asubuhi alikuja, na ndoo kichwani.

"Yapo?"

"Yapo, bibi. Karibu."

Alichota, akayaonja, akaondoka. Katibu kata alifika baadaye na vijana wake wa mgambo, akauliza nyumba zilizohamwa. Nilimpeleka kisimani, nikamwonyesha nyayo mbichi kwenye tope.

"Yule bibi amechota hapa leo," nilimwambia. "Atachota kesho. Ukivunja kibanda chake hatakuja tena kuuliza, na ukimleta kwa nguvu utamleta mtu asiyeniamini. Nipe nafasi, ndugu katibu. Nitamjibu kila asubuhi. Siku nitakayoshindwa kumjibu, njoo uniandike mimi."

Alikuwa mtu mwenye wakubwa wake, naye alikuwa na maswali ya kujibu. "Mpaka mvua," alisema mwishowe. Wale vijana wakanywa maji, wakaondoka.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa kisimani kabla yake. Kuna siku mafuta yalipungua, na nilikwenda Handeni kuita Korogwe. Karani sasa alikuwa na utaratibu wake: aliyeambiwa angoje alipiga hodi kila baada ya muda, na wa upande wa pili, hata kama bado anatafuta, alimwacha mtu mezani wa kuitika karibu. Isipoitikwa ya tatu, unaweka chini, unatulia, unaanza na shikamoo. Mzee wa stoo, niliambiwa, alinung'unika wiki nzima kisha akaanza kupiga hodi yeye mwenyewe. Nilirudi mbio, na asubuhi nilikuwa mahali pangu, nikijiuliza kwa hofu ile ile kama nitasikia swali au kimya.

"Yapo?"

"Yapo, bibi."

Mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya upande wa Usambara, nami nikiwa nahesabu moyoni neno la katibu, alikuja bila ndoo. Kichwani alikuwa na tenga, na ndani ya tenga kuku wake watatu, wamefungwa miguu, wakichungulia dunia kwa mashaka.

"Yapo?" aliuliza.

"Yapo."

Alilitua tenga mbele ya mlango wake uliofungwa kwa kamba, akaanza kuifungua ile kamba.

"Wajukuu watakuja kesho," alisema. "Nataka kwanza nione kuku watalalaje."